Namna ya Kuandaa Mahindi Yanayostahimili Ukame kwa Uhandisi Jeni

Mtafiti wa Dodoma na aanze kwa kuujua ukame wenyewe kabla ya kugusa jeni yoyote. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika katikati yake, mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu. Ndevu zikichelewa, chavua huanguka bure na gunzi hubaki na mapengo. Kwa hiyo pima punje, usiridhike na mmea uliobaki kijani.

Kisha chagua jeni ambayo kazi yake inajulikana. Mfano ni cspB, kutoka bakteria Bacillus subtilis, ambayo protini yake husaidia RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, isijikunje vibaya seli inapopata dhiki. Ndiyo iliyokuwa katika mahindi yaliyopandwa kwa majaribio katika kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma, mwaka 2016.

Promota, yaani kipande cha DNA kinachoamua jeni ifanye kazi lini na wapi, inastahili kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi. Watafiti wa Japani walipoiweka jeni ya DREB1A, inayowasha jeni nyingine za kukabili dhiki, chini ya promota 35S, ambayo haizimiki, mimea ya Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, ilistahimili ukame lakini ikadumaa. Walipotumia promota rd29A, inayoamka dhiki inapoingia, udumavu ulipungua sana. Kwangu hili ndilo jambo kuu, kwa sababu mkulima wa Chamwino hapaswi kupoteza mavuno ya mwaka wa mvua njema.

Ingiza jeni katika viinitete vichanga vya mahindi kwa kutumia Agrobacterium, bakteria anayeweza kuhamishia DNA katika seli za mmea, otesha miche kutokana na seli zilizoipokea, uthibitishe kwa PCR, kipimo kinachotambua kipande cha DNA. Pendelea mche wenye nakala moja ya jeni hiyo: ukijichavusha, takriban watoto 3 kati ya 4 huirithi.

Usipande nje bila kibali cha serikali, ambayo mwaka 2018 ilisitisha majaribio ya Makutupora. Bila kibali, kazi ibaki maabara na katika nyumba ya mimea iliyofungwa. Ukitumia njia hii kwa mtama badala ya mahindi, tahadhari iwe kubwa zaidi, maana una jamaa wa mwituni wanaoweza kuchavushwa nao.

Ukipata kibali, panda kiangazi kwa umwagiliaji, ukate maji karibu na uchanuaji katika sehemu moja na kuyaendeleza katika nyingine, na kila sehemu iwe na mbegu ileile isiyo na jeni mpya kwa kulinganisha. Uzao unaoshinda penye ukame lakini ukapitwa penye maji ya kutosha, uache.