Metformini kwa wenye lupus: soma hivi kabla hujagusa kidonge

Kama una lupus, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, pengine ulishaambiwa "mbona kuna dawa ya sukari inaituliza, watafiti wamesema", na dawa yenyewe ni metformini, ile ile anayomeza bibi nyumbani, rahisi na ipo kila duka la dawa, ndo maana naomba tuisome taratibu.

Anza na nani walipimwa. Utafiti uliotoka 2020 ulifanyika Shanghai, China, watu 140 ambao lupus yao ilikuwa imetulia kiasi, 67 wakapewa metformini na 73 vidonge visivyo na dawa ndani, mgonjwa hajui anameza kipi na daktari naye hajui. Hapa usipite haraka: metformini iliongezwa juu ya dawa zao za kawaida, haikuchukua nafasi yake. Kwa hiyo anayekwambia acha prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza lupus, umeze hii usimsikilize kabisa, utaumia.

Halafu namba. Ndani ya mwaka lupus iliamka kwa 14 wa metformini na 25 wa upande wa pili, yaani 21% kwa 34%, inatia moyo kweli, ila watu walikuwa wachache na hesabu hazikutosha kuthibitisha kwamba sio bahati tu. Utafiti mwingine wa 2015, huko huko Shanghai, ulionesha nafuu kubwa zaidi lakini wagonjwa walijua wanachomeza, so mtu akikutajia huo peke yake muulize wa 2020 ulisemaje.

Sasa figo, hapa ndo nasisitiza. Metformini inatolewa mwilini na figo, na lupus inapenda sana kushambulia figo, zikishachoka dawa inajazana na damu inaweza kuwa na asidi ya hatari. Ukienda kliniki beba majibu ya karibuni ya kriatinini (kipimo cha damu kinachoonesha figo zinavyofanya kazi) na ya mkojo, pamoja na dawa zako zote hata za mitishamba. Uliza kama figo zako zinaruhusu, na uombe upimwe sukari, maana prednisoloni inaipandisha na ikishapanda metformini ina kazi inayojulikana.

Daktari akikuanzishia, mara nyingi ni dozi ndogo, meza na chakula, tumbo linaweza kusumbua mwanzoni. Ukiharisha au kutapika sana hadi maji yanakuishia, wapigie kliniki kabla hujameza kingine. Na ukiandikiwa CT scan (picha ya ndani ya mwili) ya kuchomwa dawa kwenye mshipa, waambie mapema unatumia metformini.