Kabla hujang'oa paneli ya mlango wa gari

Kioo kimegoma kupanda, wingu limetanda, na wewe umeshika bisibisi na hasira juu. Tulia kwanza. Kung'oa ile paneli ya ndani ya mlango ni kazi ya dakika 20 hivi kwa anayejua, ila milango mingi inayogongagonga barabarani ni ya watu walioanza kuvuta kabla hawajajipanga, na mi ni mmoja wao, mlango mmoja wa Toyota IST yangu mpaka leo unalia kama kabati la vyombo kila nikipita tuta.

Kwanza hakikisha tatizo liko ndani ya mlango kweli. Angalia ile swichi ya dereva ya kufunga vioo vya abiria, watoto wanaibonyeza bila wewe kujua, utafungua mlango mzima bure. Afu cheki fyuzi. Afu tega sikio huku mtu anabonyeza: ukisikia mota inalia na kioo hakiendi, mara nyingi ni kebo ya reguleta (ule mtambo unaopandisha na kushusha kioo) imekatika au meno yameisha, hapo sawa utafungua. Kama kimya kabisa inaweza kuwa mota, swichi, au waya. Na waya wenyewe hupenda kukatikia ndani ya ule mpira unaotoka kwenye nguzo kuingia mlangoni pale kwenye bawaba, kwa sababu kila ukifungua mlango zinakunjwa, miaka inaenda mwisho zinachoka. Chomoa ule mpira uchungulie, unaweza kumaliza kazi bila kugusa paneli.

Ukishajua lazima ufungue, nenda kanunue klipu kabla. Narudia, kabla. Zile klipu za plastiki zinazoshika paneli kuzunguka ukingo zikishazeeka kwa jua zinakatika hata uvute kwa adabu kiasi gani, na ukirudisha paneli na klipu tatu ndo hiyo kabati la vyombo niliyosema. Maduka ya spea yanauza moja moja, ni hela ndogo tu, ila zinafanana kwa mbali na hazifanani kwa karibu, kwa hiyo chomoa moja pale pembeni chini uende nayo kama sampuli, kuliko kumwambia muuzaji "nipe za Toyota".

Vifaa sio vingi: bisibisi ya nyota, bisibisi ndogo bapa, soketi namba 10, tochi, selotepu pana, glovu. Cha kubandulia kiwe cha plastiki, ukikosa funga kitambaa kwenye bisibisi bapa maana chuma kitupu kinachubua rangi na kuacha alama isiyofutika. Mi skrubu naweka kwenye trei la mayai, kila kishimo na skrubu yake kwa mpangilio niliotolea, sababu ndefu ukiirudisha pa fupi inaweza kutoboa kitu nyuma. Na simu iwe na chaji, piga picha kila hatua.

Kwa Toyota nyingi skrubu zinajificha nyuma ya kitasa cha ndani na ndani ya mkono wa kuvutia mlango, zimefunikwa na vifuniko vidogo unavyovidhania urembo. Ukivuta paneli ikagoma sehemu moja, usiongeze nguvu, kuna skrubu hujaiona. Klipu zikishaachia zote, paneli nyingi unainyanyua juu kwanza itoke kwenye ukingo wa dirisha, huivuti kuja kwako. Na hata ikitoka bado imeshikwa na plagi za swichi na kebo ya kitasa, kwa hiyo andaa stuli au mtu wa kuishikilia, isining'inie kwenye waya.

Kioo nacho kipangie mapema. Kama unabadilisha reguleta, boliti zinazoshika kioo zinaonekana kupitia tundu la mlango kikiwa mahali fulani tu, mara nyingi kikiwa kimeshuka kiasi. Kama bado kinatembea kiweke hapo kwanza, ndo utoe waya hasi wa betri. Ukitoa betri kwanza utarudi kuirudisha, nimefanya hivyo mara mbili kama mjinga. Kabla ya kulegeza boliti kishike kioo kwa selotepu kutoka upande mmoja wa fremu ya mlango kwenda wa pili, kikidondoka ndani ya mlango hasara ni yako. Mota ikiwa na umeme usiingize mkono mle, na glovu usivue, mabati ya ndani yanakata kama wembe.

Gari zenye eabegi (mfuko wa hewa unaofumka gari likigongwa) mlangoni, mfano BMW E46, hapo si mchezo. Toa betri, subiri dakika kadhaa, na usiwashe swichi ya gari wakati plagi ya eabegi imechomolewa, taa ya onyo itawaka na utatafuta mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari kuizima. Kama huna uhakika na gari yako, uliza fundi umeme kwanza.

Kitu watu wanachodharau kuliko vyote ni ile nailoni iliyogandishwa na gundi nyeusi nyuma ya paneli. Fundi mmoja aliwahi kunichania akasema "hii haina kazi bosi", masika yalipokuja kapeti ikalowa, gari ikanuka uvundo miezi. Maji ya mvua huwa yanaingia ndani ya mlango kupitia kwenye raba ya kioo, hiyo ni kawaida, yanatokea chini kwenye vitundu. Nailoni ndo inayazuia yasije kwako. Paki juani gundi ilainike, bandua polepole, isishike vumbi. Ikichanika kata nailoni nzito ukingo wa chini uingie ndani ya mlango, na vitundu vya chini uvizibue hapohapo.

Mwisho, usifunge paneli kabla ya kujaribu kioo, loku na vitasa vyote viwili. Loku ijaribu mlango ukiwa wazi kwa kusukuma ulimi wa loku na bisibisi, ila ukumbuke kuuachia kabla hujabamiza mlango. Na kama betri bado imeunganishwa zima taa ya ndani, mlango ukikaa wazi mchana kutwa jioni utaomba watu wakusukume.