Sushi ufukweni Mombasa: ya kuangalia kabla hujaagiza

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa samaki. Akifika sokoni hufunua shavu aone kama matamvua ni mekundu, hubonyeza nyama kwa kidole, hutazama jicho, ndipo atoe pesa. Lakini ujuzi huo ni wa samaki anayekwenda motoni. Anayeliwa mbichi ana sharti jingine, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa wakiketi kwenye mkahawa wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali na mara nyingi samaki mbichi, huko Nyali, Bamburi au Shanzu na swali lao la kwanza likawa, "Mna samaki wa leo?"

Samaki wa baharini huweza kubeba minyoo midogo ndani ya nyama. Ukimkaanga inakufa bila wewe kujua kama ilikuwapo. Asipopikwa, kinachoiua ni kugandishwa: kiwango cha Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agande kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na akae hapo saa 15. Jodari wakubwa wamesamehewa sharti hilo kwa sababu ni nadra wao kuwa na minyoo hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa nguru kavuliwa alfajiri na hajaingia friza, hilo ni jibu zuri kwa samaki wa kupaka, si kwa sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi bila wali. Uliza hivi: "Dada, samaki huyu ameingia lini, na aligandishwa?" Mhudumu akienda kumuuliza mpishi na kurudi na jibu, kaa. Akikujibu papo hapo kwamba kila kitu ni freshi, agiza vilivyopikwa.

Salmon, yule wa rangi ya chungwa, hatoki kabisa Bahari ya Hindi. Huletwa kutoka nje, na wengi ni wa kufugwa. Anayekuambia ni wa hapa, hata hayo mengine anayokuambia yatilie shaka.

Jambo la pili ni joto, na kwa Mombasa hili lina uzito kuliko minyoo. Jodari, nguru na vibua wakikaa nje ya barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Sumu hiyo haina harufu ya kuaminika, haitolewi na friza, na haiondoki hata ukimpika. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi: uso kuwaka, kichwa kugonga, midomo kuwasha, moyo kwenda mbio. Kipande kikikuchoma ulimi kama pilipili na wala hakina wasabi, ule uji wa kijani mkali, kiteme. Dalili zikianza nenda hospitali, na umwambie daktari ni samaki gani uliyekula, maana hali hiyo hufanana sana na mzio na mtu huishia kuamini maisha yake yote kwamba jodari hampatani.

Ndiyo maana kabati la kioo lililo mbele ya mpishi lataka kutazamwa kabla ya menyu. Ndani yake vipande viwe vimefunikwa, kioo kiwe baridi, na pasiwe na maji ya damu chini ya trei. Jodari mwenye hali nzuri ana wekundu wa tikiti lililoiva. Kingo zikigeuka kahawia, amekaa. Lakini pia mwogope yule wa waridi linalong'aa sawasawa kama peremende, kwani kuna jodari wanaotiwa gesi ya kaboni monoksidi ili rangi isipotee hata nyama ikichakaa. Na umeme ukikatika ukiwa umeketi, sikiliza kama jenereta imewaka. Giza la dakika tano si neno. Likifika saa nzima, hamia kwenye tempura, vyakula vilivyochovywa kwenye rojo ya unga na kukaangwa.

Msimu nao una usemi. Kusi ikishika, Mei hadi Agosti hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo huwa vigumu kutoka, basi samaki wa hapa hupungua na mkahawa hutegemea friza zaidi. Kwa mla mbichi hiyo si hasara. Kaskazi hurudisha jodari na sulisuli kwa wingi, lakini Desemba ndiyo pia wageni hujaa hoteli zote za ufukweni, na jikoni iliyozidiwa ndiyo inayosahau trei nje. Nenda siku ya katikati ya wiki, ama chakula cha mchana kinapoanza ama mapema jioni, kabla jikoni haijachoka.

Wali ndio sushi yenyewe. Neno hilo halimaanishi samaki mbichi. Ni wali wa punje fupi unaoshikana, uliotiwa siki, sukari na chumvi. Pishori haufai, kwa kuwa sifa yake ni kuchambuka, na kwenye biriani twausifu kwa hilo hilo. Siki si ladha tu, huufanya wali uwe mchachu kiasi cha kuzuia vijidudu unapokaa nje ya friji. Unapaswa kufika mezani na joto la mkono. Ukifika baridi na mgumu kama mchanga uliokauka, ulilala kwenye friji.

Kwa anayetafuta halali, kutoona nyama ya nguruwe kwenye menyu hakutoshi. Mirin, kilevi kitamu cha mchele kinachotiwa kwenye sosi za kupaka juu na kwenye kimanda cha mayai, ikiwa ni ile halisi huwa na pombe karibu asilimia 14, na sosi ya soya iliyochachushwa kiasili huwa nayo kidogo. Uliza wali umetiwa nini, na kama kisu na ubao ni vile vile vinavyokata roli za bekoni, yaani wali ulioviringishwa kwa mwani na bekoni ndani. Mwenye mzio naye ajue kwamba "kaa" wa kwenye roli ya California mara nyingi si kaa. Ni samaki aliyesagwa, akatiwa ute wa yai na wanga au ngano. Sosi ya soya ina ngano, na mafuta ya tempura hukaangia kamba na mboga pamoja.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasile mbichi. Zipo za kuwatosha: roli ya tango, ya parachichi, ya kamba aliyechemshwa.

Kuhusu meza, usivutiwe sana na ile ya nje yenye mandhari. Kunguru wa shingo ya kijivu wa mji huu hukaa juu ya makuti wakikuhesabia, na ukigeuka kupiga picha kipande kimekwenda. Tena unyevu wa bahari hulainisha mwani haraka. Ile koni ya temaki, mwani uliokunjwa na wali ndani, iliyokuwa ikivunjika kwa mlio huwa ngozi kwa dakika chache. Hiyo uianze kuila.

Kiasi: nigiri, tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, kwa kawaida huja mbili mbili, roli hukatwa vipande sita au vinane. Kwa mtu mzima roli moja na nigiri nne hutosha kuanzia, kwani wali wa siki hushibisha kwa kuchelewa. Vijiti si lazima. Nigiri hata Wajapani huila kwa mkono, na mkono sisi twaujua. Igeuze, uchovye upande wa samaki, maana wali ukiuchovya hunywa sosi na kumeguka. Wasabi ianze na kiasi cha punje ya choroko: hupanda puani, si ulimini. Tangawizi huliwa kati ya aina na aina, haiwekwi juu.

Kabla ya kuagiza uliza kama bei za menyu zina VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 ndani yake, na kama kuna malipo ya huduma. Kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mkahawa, si la mtu.

Mabaki ya kufungiwa yasikae zaidi ya muda wa saa mbili nje ya baridi, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja. Anayekwenda Likoni jioni ya foleni afungiwe roli za mboga; zile zenye samaki mbichi azimalize pale pale mezani.