Grevilea imekauka mpakani: chimba kabla ya kuogopa

Jirani yangu hapa Sabatia, Vihiga, amekaukiwa na mti wa grevilea kando ya chai yake, nao umeota uyoga. Akaniuliza: mzee, huu hautaniulia michai? Nikamuuliza: umeotea wapi?

Uyoga mgumu unaotokeza kama rafu ndogo juu ubavuni mwa mti mkavu kwa kawaida unakula mbao iliyokufa tu. Wa kuogopa ni uyoga uitwao armilaria. Huo hula mizizi iliyo hai, ukaishi kisikini miaka mingi, na huvuka pale mizizi inapogusana.

Uyoga wake wa rangi ya asali huota kwa vishada wakati wa mvua kisha hupotea, kwa hivyo usiusubiri. Shika jembe, fukua mizizi mikubwa iliyo karibu na shina, halafu bandua gome kwa panga. Ukikuta utando mweupe kati ya gome na mbao, unaonukia uyoga, ndio huo. Kwenye mchai, tazama pia shina pale linapoingia ardhini: hupasuka nyufa za wima.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikata grevilea nne nikauza mbao (Januari, karo, unajua), visiki nikaviacha. Baadaye michai iliyozunguka kimoja ikawa manjano na kufa, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe alisema ni radi. Nilipofukua, utando ulikuwa umejaa.

Usipoteze pesa kwa dawa ya kupuliza majani. Ugonjwa uko chini. Ng'oa kisiki na michai iliyougua, fuata mizizi hadi ile ya unene wa kidole, uichome palepale. Usiiburute katikati ya shamba. Fukua pia michai iliyo karibu na iliyougua hata kama inang'aa, na pengo usilijaze haraka.

Na kama mti bado uko hai na unataka kuukata, menya kwanza gome kuzunguka shina, uache ukauke wenyewe. Mizizi itamaliza wanga wake, na armilaria ikifika itakuta chakula kidogo.

Kwa jirani tulifukua jana. Utando hatukuuona, uyoga wote uko juu, gogo litakuwa kuni. Kisiki tutakitoa Jumamosi hata hivyo, kwa maana mizizi yake imepita chini ya mistari mitatu ya chai.