SOMO: "n ikifika 30 si inatosha?" Soma hapa kabla hujaniuliza

Wakuu, hili swali, kama sampuli (n) ikifika 30 inatosha kutumia fomula ya darasani, nimelijibu mara nyingi mno, kwaiyo naliandika mara moja, likirudi nawatuma huku. Tunaongelea uwiano: umepima vitu n, x vina tatizo, unataka mipaka ya asilimia 95 ya uwiano halisi, yaani chini na juu kwa njia ambayo ukiirudia mara 100 inaunasa uwiano halisi kama mara 95.

Hatua 1. Andika n na x.

Hatua 2. Gawanya x kwa n, hilo ndo kadirio.

Hatua 3. Hakikisha vipimo havitegemeani. Watu 10 ukiwapima mara tatu tatu hiyo si 30.

Hatua 4. HAPA TULIA. Usiangalie n, angalia upande mchache: wenye tatizo wawe walau 10, na wasio nalo pia walau 10. Mimi niliwahi kukagua vipuri 40, vibovu sifuri, nikatumia ile fomula ya darasani, kadirio kujumlisha na kutoa 1.96 mara kosa sanifu (kipimo cha kadirio linavyoyumba toka sampuli moja hadi nyingine), sasa kadirio likiwa 0 kosa sanifu nalo linatoka 0, nikaandika kwenye ripoti mipaka ni 0 mpaka 0 nikaipeleka. Yaani niliwaambia watu ubovu haupo kabisa kwa ushahidi wa vipuri 40! Wakapunguza ukaguzi, shehena iliyofuata vibovu vikatokea. Mpaka leo inaniuma. Chukua uwiano halisi 0.02, n ni 30: uwezekano wa kutoona hata kimoja ni 0.98 kwa kipeo cha 30, karibu 0.55. Zaidi ya nusu ya watakaopima hivyo watapata 0 mpaka 0 na wote watakuwa wamekosea. ONYO: usitegemee programu ikustue, ukiipa namba inatoa jibu.

Hatua 5. Upande mchache ukipungua 10, ongeza wawili wenye tatizo na wawili wasio nalo, rudia fomula ileile (njia ya wanatakwimu Agresti na Coull, 1998). Vipuri vyangu vinakuwa 2 kati ya 44, mipaka 0 mpaka kama 0.107. Ukipata hasi andika 0.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu nina sampuli ya 35, naweza kuendelea?

Jibu: Hatua ya 4. Hujasema x.

Mdau 2: Mbona sisi tulifundishwa 30 na mwalimu ana digrii tatu, wewe unapinga?

Jibu: Sijampinga mtu. Namba niliyoweka hapo juu chukua kikokotoo uihakiki mwenyewe, ikitoka tofauti rudi tuongee.

Mdau 3: Samahani mkuu, kwa nini tunaongeza wawili na si mmoja au watano?

Jibu: Swali zuri sana hili. Mtaalamu mmoja, Wilson, mwaka 1927 aligeuza swali: badala ya kukokotoa kosa sanifu kwa kadirio lako, jaribu kila p (uwiano halisi unaowezekana) na kosa sanifu la p hiyo, ubaki na zile ambazo data yako haizikatai. Ukitatua, katikati ya mipaka inakuwa x ukiongeza 1.92, gawanya kwa n ukiongeza 3.84. Hiyo 3.84 ni 1.96 kwa kipeo cha pili, na 1.92 ni nusu yake, ndo ikakadiriwa 2 na 4. Njia ya Wilson yenyewe kwa vipuri vyangu inatoa 0 mpaka 0.088, nzuri zaidi kama una muda.

Mdau 3: Asante sana. Na wastani wa kawaida, n ikiwa kubwa unatulia siku zote?

Jibu: Hapana! Chora data kwanza uone mkia, yaani namba zilizo mbali sana na nyingine. Kwenye mgawanyo wa Cauchy, ambao mkia wake ni mzito mno, wastani wa vipimo milioni unatawanyika sawasawa na kipimo kimoja. Na hata mkia ukiwa wa kawaida, ukitaka kosa sanifu lipungue nusu unahitaji sampuli mara nne.

Mdau 4: Naongezea, ukiona sifuri gawanya 3 kwa n, mpaka wa juu chapchap.

Jibu: Kweli, kwangu 3/40 ni 0.075. Ila huo ni mpaka wa upande mmoja, asilimia 5 zote za kukosea ziko upande wa juu, ndo maana umebana kuliko wangu. Hiyo 3 inatoka kwenye logi asilia ya 0.05, ambayo ni karibu hasi 3.