Maua ya Uani Wakati wa Kaskazi: Usimwagilie Kila Siku

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na mchanga wa Pwani unachoma nyayo, wengi hushika kopo na kunyunyizia maua asubuhi na jioni. Uani kunanukia mvua, roho inaburudika, lakini mizizi haijapata kitu. Maji hayo hulowesha udongo kina cha kidole tu. Mizizi hupanda juu kuyafuata, na huko juu ndiko jua linakoiunguza.

Asumini iliyokwisha kushika ipe ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, alfajiri au jioni, polepole mpaka yazame. Kabla ya kurudia, chomeka kidole: ukikuta unyevu, subiri. Kisha funika udongo kwa makumbi ya nazi au majani makavu ya mwembe, unene wa vidole vinne, yasiguse shina lisije likaoza.

Wenye visima karibu na bahari watazame kingo za majani. Zikikauka huku udongo ukifanya ukoko mweupe, hiyo ni chumvi. Usikimbilie mbolea, utazidisha balaa. Chungu kiwe na matundu chini, na maji ya mvua ukiyapata yamwage kwa wingi yaikokote hiyo chumvi.

Naitanguliza asumini kwa sababu ua lake lina kazi: vikuba (vishada vya maua vya kujipamba), nywele, kitanda cha maarusi. Masika yakianza, kata tawi lisilo changa sana wala gumu, urefu wa kalamu, ondoa majani ya chini, ulichomeke kivulini kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Likishakomaa, pogoa kila mkupuo wa maua unapokwisha, maana matumba hutoka kwenye machipukizi mapya. Wapo wanaoona huruma kukata. Hao huishia na kichaka kirefu chenye maua matatu. Matumba yachume alasiri yakiwa yamefumba, yatafunguka usiku ndani ya nyumba.

Bogenvilia ni kinyume chake. Ukiishibisha maji na samadi, inakupa majani matupu. Iweke panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, uiache udongo ukauke mpaka majani yalegee kidogo, ndipo uipe maji. (Ile rangi tunayoisifia ni majani tu, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.)

Asiye na muda kabisa apande waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe porini kwenye nyika kavu za Kenya na Tanzania. Shina lake nene huhifadhi maji, na kinacholiozesha zaidi ni kumwagiliwa kwa huruma. Lipandwe kwenye mchanga na kokoto, mbali na watoto na mbuzi: utomvu wake ni sumu, uliwahi kupakwa kwenye mishale ya kuwindia. Ukilikata, vaa glavu.