Somo: Kuchagua gari la turbo lililotumika, la kazini na la raha

Wakuu, somo hili ni la mtu mwenye uwezo wa gari moja tu: hilo hilo la kwenda kazini Jumatatu, la kubeba mchele na watoto Jumamosi, na Jumapili alfajiri limpe raha kidogo njia ya Bagamoyo au mteremko wa kwenda Naivasha. Mwenye gari jingine la kuendea kazini asome kujiburudisha tu. Huyo anaweza kununua Mitsubishi Evo IX ikalala gereji miezi miwili ikisubiri kipuri, na maisha yake yakaendelea.

Msimamo wangu nautaja mapema ili wanaotaka kubishana waanze: kwa barabara zetu, turbo (feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi, ikisukuma hewa zaidi ndani ya injini) inayoamka mapema kwenye gari ambalo halijachokonolewa inaishinda turbo kubwa yenye HP, yaani nguvu za farasi, nyingi.

Hatua ya 1: Jiulize unaendesha wapi na kwa mwendo gani

Tanzania mjini ni kilometa 50 kwa saa, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ipo nyuma ya mwembe. Ukinaswa, shilingi 30,000 imekwenda. Kenya gari dogo linaruhusiwa 110 kwenye barabara kuu. Kwa hiyo raha yako halisi iko kati ya 40 na 100: unapotoka kwenye tuta, unapolipita lori la saruji, unapokata kona za milimani. HP inayotangazwa kwenye tangazo la gari hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na huko utafika mara chache sana.

Angalia msukumo wa injini, zile Nm (nyutoni-mita), na mzunguko ambao zinatokea. Subaru Impreza WRX ya chesisi GDA (2000 hadi 2007) ina HP 250, lakini msukumo wake wote unakuja kwenye 3,600. Chini ya 3,000 unaendesha injini ya kawaida ya lita 2 inayovuta magurudumu manne. Volkswagen Golf 5 GTI ina HP 200 tu, ila Nm 280 zinaanzia 1,800. Golf 7 GTI inatoa Nm 350 kuanzia 1,500. Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2017 (chesisi ZC33S) watu wanaicheka kwa HP 140 zake. Wasichokitazama ni uzito: ya gia za mkono ina kilo 970 hivi, na Nm 230 zinafika kwenye 2,500. Kwenye msongamano na matuta, hiyo ndiyo inayochangamka.

Wa nyanda za juu mna sababu ya ziada ya kutaka turbo. Nairobi na Mbeya ziko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Turbo inafidia sehemu kubwa, japo inazunguka kwa bidii zaidi. Pwani shida ni nyingine, joto, na kuna swali lake huko chini.

Hatua ya 2: Punguza orodha

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo GDA na Subaru Legacy BP5 mtakazokutana nazo huko zimeshapita mikono kadhaa humo humo nchini. Tanzania yanaingia, ila umri ukizidi ushuru wa uchakavu nao unapanda. Piga hesabu ya jumla kabla ya kushangilia bei ya mnada wa Japani.

Maoni yangu kwa haraka:

Subaru Forester turbo (SG5, kisha SH5): ndiyo jibu la wengi, na nadhani ni jibu zuri. Iko juu, ina nafasi, mafundi wanaijua usiku na mchana.

Legacy BP5/BL5 GT: laini barabara ndefu, turbo yake moja inaamka mapema kuliko ya GDA. Usiichanganye na BH5 ya kabla yake yenye turbo mbili, ambayo katikati ya turbo ya kwanza na ya pili ina shimo la nguvu linalokera.

Levorg, WRX S4 na Forester SJG, za Subaru pia: zinakwenda kweli, lakini zilizotoka Japani zote ni CVT, auto isiyo na gia za kuhesabika. Mwendo upo, ladha hafifu.

Golf GTI: gari zuri kuliko yote hapa kuliendesha, mradi fundi wako awe na mashine ya kulisoma na asiwe wa kubahatisha.

Toyota Caldina GT-Four (ST246): injini ngumu ya 3S-GTE, HP 260, ila ni auto tu na zimezeeka.

Evo: nimeshasema.

Hatua ya 3: Soma karatasi kabla ya rangi

Kwa linaloagizwa, dai karatasi ya mnada ya Kijapani, na namba ya chesisi ilingane. Daraja la R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. W kwenye mchoro wa bodi ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. Kitu ambacho wengi hawakijui: kama baada ya namba ya modeli kuna alama ya Kijapani 改, gari hilo lilifanyiwa mabadiliko makubwa na kusajiliwa hivyo. Kwa gari la turbo hiyo ni taarifa nzito kuliko kilometa.

Kwa lililopo nchini, mtafute fundi wake wa mwisho. Muuzaji akikuficha fundi, ana jambo.

Hatua ya 4: Likague injini ikiwa baridi

Hapa msiharakishe. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika shika boneti kwanza. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Vuta kijiti cha oil. Kiwango kikiwa chini kwenye turbo ni dalili ya mwenye gari asiyelijali. Paka oil kidogo kwenye karatasi nyeupe uisogeze juani: vikimetameta vya chuma maana yake beringi zinalika, funga boneti uage.

Kisha fungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo. Kwenye Golf na baadhi ya Subaru utahitaji fundi akusogezee vitu. Ingiza vidole viwili, shika nati iliyo katikati ya feni. Iyumbishe kushoto na kulia: kuchezacheza kidogo ni kawaida, kwa sababu shafti inaelea kwenye oil na hapo oil haina presha. Sasa ivute kwako na kuisukuma ndani. Kwa mwelekeo huo isicheze kwa kiasi ambacho kidole kinakihisi. Tazama ncha za mapezi, kama zimekwaruza ukuta turbo imekwisha. Utando mwembamba wa oil ndani ya bomba usikutishe. Oil iliyotuama ndiyo ya kutisha.

Liwashe. Subaru yenye injini ya familia ya EJ inaweza kugonga kidogo ikiwa baridi halafu ikanyamaza ikipata joto. Hiyo ni pistoni, watu wanaishi nayo. Mlio unaozidi kadiri injini inavyopata moto, hasa ukigusa mafuta, ni beringi za konrodi, na injini hiyo iko njiani kunoki. Acha ilie dakika kadhaa, kisha mtu akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oil. Moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta, na ukiona mapovu kwenye chupa yake ya akiba shuku gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 5: Liendeshe

Gia ya tatu, kutoka 2,000, kanyaga mpaka chini hadi 5,000. Nguvu ipande bila kukatika. Mshale wa mzunguko ukipanda gari lisiende, klachi imechoka. Kwa DSG, ile gia boksi ya klachi mbili ya Golf, tambaa polepole kama uko foleni: isitetemeke, na ukiweka rivasi isisite.

Kwa magurudumu manne, tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu. Gari likikaza na kurukaruka, difu ya kati ina matatizo, au tairi hazilingani. Subaru hazitaki tairi tofauti hata kwa milimita chache za mzunguko. Yule ndugu wa kununua tairi moja ya mtumba akichanganya na tatu zilizoisha, difu yake ndiyo inayolipa.

Hatua ya 6: Weka fedha ya siku ya kwanza

Oil kamili ya sintetiki na filta, plagi, maji ya rejeta, oil ya gia boksi. EJ yoyote isiyo na risiti ya taiming belti, badilisha na pampu ya maji humo humo. Belti ikikatika vali na pistoni vinakutana. DSG ya gia sita inataka oil mpya kila kilometa 60,000. Baada ya hapo oil ya injini kila 5,000, bila kungoja taa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Arusha): Mkuu, nina watoto wawili, nusu ya njia yangu ni vumbi. GDA WRX ya gia za mkono au Forester SG5 turbo auto?

Forester, na sikuombi radhi. Kwenye vumbi GDA itakuchosha kwa ugumu na uchini wake. Auto ya SG5 ina gia nne tu na inasikika ya kizamani, lakini ni ngumu. Ukipata SG5 ya gia za mkono ambayo haijaguswa, usiiachie, kimbilia. Filta ya hewa isafishwe mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema, maana vumbi ndilo linalokula yale mapezi niliyosema.

Swali (Mombasa): Kaka, Subaru yangu asubuhi inavuta vizuri, jioni nikitoka foleni ya Likoni inakuwa nzito kama imebeba kifusi. Turbo imekufa?

Haijafa. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ya Subaru imekaa juu ya injini na inategemea upepo unaoingia kwenye lile tundu la boneti. Foleni haina upepo, kwa hiyo inachemshwa na injini iliyo chini yake, hewa inaingia ya moto, na kompyuta inapunguza nguvu kuilinda injini. Ukiondoka usikanyage mara moja, ipe dakika chache za upepo. Hakikisha pia raba inayoziba kati ya boneti na intakula ipo. Mafundi wengi huitoa na kuisahau. Na tia petroli ya daraja la juu kama inapatikana. Gari hilo lilipangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni karibu 100.

Swali (Nairobi): Boss, nimepata Golf 5 GTI bei ya kutupa. Kuna nini hapo?

Pengine kuna kifaa kimoja kidogo. Injini hiyo ina pampu ya mafuta ya presha kubwa inayosukumwa na kamshafti, na kati yao kuna kikombe cha chuma cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Kikombe kinasuguliwa muda wote. Kikiwa kizima uso wake ni mweusi. Kikianza kung'aa fedha, rangi ya kinga imekwisha. Kikiachwa kinatoboka, na hapo pampu na kamshafti vyote vinaingia hasara. Mwambie fundi afungue pampu, ni bolti tatu tu, akitoe mukitazame pamoja kabla hujalipa. Kikiwa kimechakaa lakini hakijatoboka na kamshafti ni nyororo, kikombe kipya ni bei ndogo, na umepata gari. Muuzaji akikataa isifunguliwe, bei ya kutupa umeshaielewa.

Golf 6 GTI haina shida hiyo, ya kwake ni kikaza cheni ya taiming. Sikiliza sekunde za kwanza injini ikiwa baridi. Cheni ikikwaruza, acha.

Swali (Mwanza): Nina Forester ya kawaida. Fundi anasema atanifungia turbo kwa bei nafuu. Nimruhusu?

Hapana. Injini ya kawaida ya Subaru inabana hewa takriban 10 kwa 1, ya turbo ni 8 au 9 kwa 1, na pistoni zake zimeandaliwa kwa kazi hiyo. Utapata raha ya wiki chache kisha gasketi au pistoni. Uza hiyo, ongeza hela ya fundi, nunua iliyozaliwa na turbo.

Swali (Dodoma): Mimi nataka ule mlio wa "pssshh" nikibadili gia. Una madhara?

Kwa Subaru hizi, ndiyo. Mlio huo ni wa vali inayomwaga nje hewa ya turbo. Kompyuta imeshaipima hewa hiyo kwenye sensa na imeshapanga mafuta yake. Wewe ukiimwaga nje badala ya kuirudisha ndani ya bomba, mafuta yanabaki mengi kuliko hewa: plagi zinajaa masizi, na kila badiliko la gia gari linajikwaa. Vali ya kiwandani inarudisha hewa ndani, ndiyo maana haipigi kelele. Ukikuta gari la kununua lina mlio huo, uliza kingine kilichobadilishwa ni nini, na vipuri vya mwanzo viko wapi.